Kichwa Bila Mafuta

Mtu mwenye mtoto anayeduwaa, kabla hajamwita mvivu, ainue kwanza macho atazame dari ya nyumba yake. Harusi, mama wa mtoto kama huyo, hakutazama. Miezi minane mizima alipita chini ya ile feni na sinia mkononi, na nguo za kukunja begani, asiinue kichwa hata siku moja.

Feni ilikuwa fahari ya mumewe. Mbaruk alikuwa na duka la vifaa vya umeme hapo Gongoni, kando ya njia wanayopita vibarua wa chumvi wakirudi makwao, miguu imewapauka hadi magotini. Alipomnunulia binti yake meza ya kusomea, hakutaka asome huku jasho likimdondokea daftarini. Sebule ilikuwa na dari ndefu na taa iko juu kabisa, kwa hivyo akaitundika feni kwa bomba refu mpaka ikawa chini ya taa, sawasawa juu ya utosi wa mtoto.

"Ubongo ni kama injini," alisema akishuka ngazi. "Ukipata joto, unazima."

Feni ilipozunguka, vivuli vya mapanga yake matatu vilipita mbio juu ya meza, juu ya kitabu, juu ya uso wa Sumeiya. Harusi alisimama mlangoni akasema pamependeza kama ukumbi wa sherehe.

Tangu hapo Sumeiya, aliyekuwa na miaka kumi, akazidi kuduwaa. Alikuwa akisoma sentensi, akifika katikati, ananyamaza. Macho wazi, kope zinatetema kidogo, kalamu mkononi. Ukihesabu mpaka kumi amesharudi, anaendelea na neno linalofuata kana kwamba aliyekatizwa ni wewe.

"Unawaza nini?" babake akimwuliza.

"Siwazi kitu, baba."

"Hapo ndipo penye kasoro. Waza!"

Akamwongezea nusu saa ya kusoma. Chini ya feni.

Kisha ikaja barua ya mwalimu Mangi, na kwa bahati mbaya ikaja siku ambayo wifi yake Harusi, Radhia, alikuwa ameketi jamvini akinywa kahawa. Mbaruk akaisoma kwa sauti ya kutangaza msiba. Mwalimu aliandika kwamba Sumeiya si mtukutu wala si mjeuri, ila hukosa nusu ya kila analofundishwa. Akiitwa mara ya kwanza hasikii, mara ya pili hasikii, mara ya tatu anauliza kwa adabu kwani ameitwa.

Radhia akaweka kikombe chini. "Mimi nilisema zamani. Mpelekeni kisiwani, huko Faza, kwa shangazi yetu mkubwa, akafunzwe kushona kofia. Kofia haitaki mtu anayesikia."

"Wifi, mtoto ana miaka kumi," Harusi alisema.

"Ndiyo vizuri, vidole bado laini."

Mbaruk akakunja barua mara nne. "Shule ikifunga na hakuna mabadiliko, ataenda."

Shule ilikuwa inafunga baada ya wiki tatu. Harusi akakusanya vikombe. Yeye mwenyewe alitolewa shule alipomaliza darasa la nane, kwa neno dogo kama hilo, lililosemwa baina ya kikombe na kikombe, na hakuna aliyemwuliza kitu.

*

Ndipo akasikia habari za watafiti. Walikuwa wamekodi chumba nyuma ya zahanati, wakiwataka watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili wakae mbele ya taa inayopepesa, huku mashine ikitazama jinsi ubongo unavyoiitikia taa ile, na kama mwitikio huo unahusiana na kukumbuka na kufikiri. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi aliyopewa Sumeiya shuleni. Harusi aliisoma mara mbili akaielewa kwa namna yake: kuna mashine inapima akili, ukishapimwa unapewa cheti. Na cheti hicho, akikiweka mbele ya Mbaruk na dada yake, safari ya Faza imekufa hapo hapo.

Akamtayarisha mtoto kama wa sikukuu. Alimwosha, akamsuka nywele njia nane, kisha akafungua chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe na kumimina. Kumtoa mtoto mbele ya wageni na kichwa kikavu ni kutangaza kwamba mamake hayupo. Alimpaka hadi utosi ukang'aa, hadi mafuta yakaanza kuteremka nyuma ya masikio kutafuta pa kwenda.

Huko waliwakuta wawili. Pamela, msichana mrefu wa kutoka bara mwenye sauti ya upole, ndiye aliyekuwa akiuliza na kuandika. Mramba, kijana wa hapo Marafa, ndiye mwenye mashine.

"Shikamoo," Sumeiya akawaamkia, na Harusi akafurahi: alama ya kwanza hiyo.

Pamela akaeleza kila kitu polepole. Taa itapepesa mara nane kwa sekunde, kisha kumi, kisha zaidi. Ubongo, huku nyuma ya kichwa, hufuata mpigo wa taa: taa ikipiga kumi, nao unajibu kumi. Wao wanataka kujua kama kufuata huko kunahusiana na jinsi mtu anavyofikiri.

"Kwa hivyo anayefuata vizuri ndiye mwenye akili," Harusi alisema.

"Hilo ndilo swali, mama. Bado hatujajua."

Harusi akalichukua hilo kuwa ni unyenyekevu wa wasomi.

"Sasa kuna swali moja ni lazima niulize," Pamela akaendelea, kalamu juu ya fomu. "Kuna watoto ambao taa ya namna hii haiwafai. Sumeiya ameshawahi kuanguka kifafa, kupoteza fahamu, au kuduwaa kwa ghafla, hata kidogo tu?"

Kifafa. Neno lenyewe Harusi alilijua. Ukilitamka Gongoni asubuhi, adhuhuri limefika Malindi, na jioni hakuna nyumba itakayomposa mtoto wako. Halafu cheti je? Akikataliwa kupimwa, atamwonyesha Mbaruk nini?

"Hapana," alisema. "Mtoto huyu yuko macho kila saa. Nyumbani ndiye anayetukumbusha sisi."

Pamela akaandika Hapana.

Mramba akaleta kofia ya kitambaa yenye vidude vingi na waya zinazoning'inia, akaanza kumvika Sumeiya. Kofia ikakubali, ikakaa, halafu ikateleza taratibu mpaka kwenye nyusi. Akaivuta nyuma. Ikateleza hadi kisogoni. Akaibana kwa mkono mmoja, akawasha mashine kwa mkono wa pili, na kwenye kioo chake ikatokea mistari iliyochafuka, inaruka juu, inaanguka chini, kama karatasi iliyochezewa na mtoto mwenye kalamu.

Harusi akakisogelea kioo. "Ndiyo akili yake hiyo?"

"Hapana, mama," Mramba alisema akinusa vidole vyake. "Hiyo ni nazi."

Akamwonyesha kiganja kilivyolowa. Mafuta yamezuia, vidude havigusi ngozi, mashine haisikii kitu. Itabidi mtoto aoshwe kwa sabuni mara mbili, asipakwe chochote, nywele zifumuliwe, arudi Alhamisi.

"Kichwa kikavu?" Harusi aliuliza. "Barabarani? Mchana?"

*

Siku hiyo ya Alhamisi Radhia alitokea wakati Sumeiya anakaushwa, akapiga kelele za mtu aliyemkuta nyoka bafuni.

"Lahaula! Nani kamfanyia mtoto hivi? Mbona kichwa kama fagio la nyasi?"

"Ni mashine, wifi. Haitaki mafuta."

"Mashine gani isiyotaka mtoto wa watu apendeze? Hebu lete chupa, nimtie japo kidogo mbele, huku nyuma aende hivyo hivyo."

"Wifi, tafadhali."

"Basi tone."

"Hata tone."

Radhia akamtazama mtoto, akamtazama mamake, akavaa buibui lake. "Basi nakwenda nanyi. Watu wakiuliza, nitawaambia tumetoka kumtoa chawa. Hiyo angalau ina heshima."

Harusi hakuwa amelala vizuri tangu lile neno lake la Hapana. Alikuwa amepanga akifika amvute Pamela pembeni, amnong'oneze. Sasa atanong'ona vipi na Radhia ubavuni, Radhia ambaye akipewa siri lazima aitoe ipunge hewa? Njia nzima alitafuta maneno, na kila alipoyapata, Radhia alimsalimu mtu mwingine na kumweleza habari za chawa.

Pamela aliwapokea kwa tabasamu. "Karibuni. Mama, yale majibu ya juzi, hakuna kilichobadilika?"

Wifi akageuza sikio.

"Hakuna," Harusi alisema.

Kwanza ulikuja mchezo wa nambari. Pamela alitaja nambari moja moja, Sumeiya akazirudisha. Nne, akarudisha. Tano, akarudisha. Sita, akarudisha akicheka. Radhia akasema mchezo wa kitoto huo, hebu yeye ajaribu. Akapewa tano. Akarudisha tatu, na ya nne ilikuwa nambari ya simu ya mwanawe.

"Mimi nina mambo mengi kichwani," alieleza. "Huyu hana watoto."

Mramba akavisha kofia, na safari hii ikashika. Kisha akachukua bomba dogo, akaanza kusukuma ujiuji mweupe ndani ya kila tundu la kofia. Radhia akasimama.

"Kumbe mnayo mafuta yenu! Yetu ya nazi safi mnayakataa, yenu ya chupa hayo mnatia!"

"Haya yanapitisha umeme, shangazi."

"Umeme kichwani mwa mtoto! Na babake anauza waya, angetufanyia bure!"

"Hauingii, shangazi. Tunasikiliza ule wake wa ndani tu."

Hapo Radhia akakaa. Hakujua kwamba mtu ana wake wa ndani, akajishika kifua kusikiliza wake.

Pazia likafungwa. Taa, duara nyeupe ukubwa wa sahani, ikasimama mbele ya Sumeiya. Ili asisinzie, Pamela akamwambia ahesabu polepole kwa sauti. Taa ikaanza kupepesa. Kwenye kioo mistari ikapanda na kushuka kwa mpango, na Mramba akaguna kwa kuridhika. "Anafuata vizuri."

Taa ikaongezewa kasi: kumi kwa sekunde, na mtoto akaanza hesabu upya, akafuata. Harusi akaanza kuona cheti, ukubwa wake, na mahali pa kukitundika.

"Sasa kumi na tano," Mramba alisema.

"Moja," Sumeiya akaanza. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba."

Kimya.

Macho wazi, kope zinatetema. Kwenye kioo mistari yote kwa pamoja ikainuka mikubwa, mikali, imejipanga kama meno ya msumeno. Mramba alikwisha kuizima taa kabla Pamela hajasema "zima". Pamela akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mkono, akatazama saa.

"Nane," Sumeiya alisema. "Tisa. Mbona mmezima?"

Na Radhia, aliyekuwa ameshika kifua chake, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Si ndivyo anavyofanya kila siku! Kila akikaa kusoma pale chini ya feni. Mimi nimemhesabia hata mara tano kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kwani hamkuambiwa?"

Pamela akageuka. Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Mama, nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

Harusi akatazama sakafu ya chumba cha watu. Alijisikia mdogo, mwenye sare ya shule ya msingi, amesimamishwa mbele ya darasa. "Uliniuliza mbele ya watu," alisema.

"Juzi tulikuwa sisi wawili."

"Juzi nilikuwa nataka cheti." Hapo likatoka lote, na machozi nayo: Faza, kofia, barua ya mwalimu, darasa lake la nane. "Nilidhani mkimpima mtasema ana akili, babake ataniachia. Na nilidhani nikisema ndiyo mtasema ana kifafa, na hakuna atakayemtaka. Nikachagua. Kumbe nimempeleka mwenyewe mbele ya taa."

Sumeiya alikuwa akimtazama mamake kutoka chini ya waya zake. "Mama, mimi niko sawa. Naendelea na kumi?"

"Huendelei na kitu," walisema wote wanne.

Pamela akavuta kiti. Alisema yeye si daktari na hawezi kumtajia ugonjwa, lakini atawaandikia barua wampeleke hospitali kuu Malindi kesho yake, na dawa za mambo haya zipo. Alilisema jambo moja mara mbili ili Harusi alishike: mtoto si mzito, wala si mvivu. Huzimika sekunde chache, hajui kama amezimika, na dunia inaendelea bila kumngoja. Ndiyo maana anakosa nusu ya somo.

"Na hiyo feni," akauliza. "Taa iko wapi?"

"Juu yake," Radhia alijibu. "Vivuli vinazunguka hivi, vu, vu, vu. Mimi huona kizunguzungu, nikadhani ni kahawa."

Pamela na Mramba wakatazamana. Mapanga matatu yakikata mwanga yakiwa mbio, Mramba alihesabu kwa vidole, ni mara kumi na tano kwa sekunde, au karibu na hapo.

"Kwa hivyo tumemwekea mashine yenu nyumbani," Harusi alisema polepole. "Kila jioni. Na tukamwongezea nusu saa."

*

Mbaruk alisikiliza yote akiwa nyuma ya kaunta, anamfungia mteja swichi. Harusi alipomaliza, Mbaruk akacheka.

"Feni? Feni yangu? Mamake Sumeiya, feni ile nimeuza saba. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Wameketi chini yake kusoma?"

"Wanaketi chini yake kupoa!"

Jioni, baada ya Maghribi, Harusi akawasha taa, akawasha feni, akavuta kile kiti kidogo. Sumeiya alikuwa chumbani na shangazi yake, amekatazwa kutoka. "Keti," akamwambia mumewe. "Miezi minane umemsimamia. Hujaketi hapa hata mara moja."

Mbaruk akaketi, magoti yakamfika kidevuni. Akafungua kitabu cha Sayansi akaanza kusoma kwa sauti ya kuonyesha watu. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili akaurudia. Wa tatu akauruka. Akafikicha macho, akasogeza kitabu, akarudi mstari wa pili.

"Kitabu kimeandikwa vibaya," alisema.

"Soma."

"Vivuli hivi vinanichezea."

"Wewe una miaka arobaini na tano. Soma nusu saa, nikuongeze nyingine."

Hakufika dakika nne. Alibaki ameshika ukurasa, haduwai, ila anatazama kile kiti kilivyo kidogo, na meza ilivyopigwa alama za kalamu mahali ambapo mkono wa mtoto ulikuwa ukisimama ghafla. Alama nyingi. Akainuka, akaenda kuleta ngazi.

Majirani walipomwona juu kule na bisibisi, wakamwuliza kulikoni.

"Usafi tu," alisema, na feni imeshashuka mpaka kifuani pake.

*

Daktari Malindi alimpima tena, safari hiyo kwa fomu iliyojazwa sawasawa, akasema ni aina ya kifafa, akampa Sumeiya dawa ya kumeza asubuhi na jioni, na tarehe ya kurudi. Mwalimu Mangi akaelezwa, naye akamhamishia kiti cha mbele na kumrudia kila asipojibu. Safari ya Faza haikutajwa tena. Mbaruk alizipitia zile nyumba saba moja moja akishusha taa chini ya feni bure, akiiita huduma ya mwaka, na Harusi akamfuata nyuma kuwaeleza wanawake sababu yenyewe, kwa jina lake lote, kifafa, mbele za watu. Mara ya kwanza alilitamka akiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Nyumba ya nne alikuwa akiwaambia waketi, habari ni ndefu.

Kwa Pamela alirudi pia. Aliomba ile fomu, akaomba na kalamu, akalikata lile Hapana kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa mkono wake, herufi kubwa za darasa la nane: NDIYO. Pamela akamwambia habari za Sumeiya haziwezi kuingia tena kwenye utafiti.

"Najua," Harusi alisema. "Lakini isikae vile ilivyo."

Ijumaa moja Radhia alikuja na chupa yake mwenyewe ya nazi, akamketisha mtoto baina ya magoti. "Leo hakuna mashine. Leo kichwa ni changu." Akaanza kugawa nywele, na Sumeiya akawa anahesabu njia anazosukwa.

"Moja. Mbili. Tatu."

Harusi alikuwa jikoni anachuja tui. Mikono ikasimama.

"Nne. Tano. Sita."

Akaja mlangoni, kichujio bado mkononi, tui likimdondokea kwenye kidole cha mguu. Alitazama dari kwanza, pale palipobaki tundu la bomba, kisha akamtazama mtoto.

"Saba."

Radhia naye alikuwa amesimamisha kitana.

"Nane," Sumeiya alisema. "Shangazi, mbona umeduwaa? Suka."